Neno Litokalo Kinywani mwa Mwenyewe

Kila mwaka mwezi wa Oktoba unapoingia, mikorosho ya kwetu huangusha mabibo, na harufu yake tamu huenea mashambani tangu Kilwa Kivinje mpaka Mchinga, na kutoka Lindi mpaka Mingoyo na kuendelea bara. Watoto hufurahi, maana mabibo hufyonzwa bure wala hakuna awakatazaye. Wazazi nao hufurahi, kwa kuwa korosho ndizo zitakazolipa deni la dukani, na kununua sare za shule na bati la kuezekea. Walakini ziko nyumba ambazo mama mwenye nyumba huisikia harufu ile akanyamaza. Yeye ajua ya kuwa maji ya mabibo yakiachwa yachache huwa uraka, na uraka ukipikwa na mvuke wake ukakingwa, hupatikana kile kinywaji kikali ambacho huku kusini twakiita nipa, na wengine hukiita gongo. Tena ajua ya kuwa fedha za korosho haziji kidogo kidogo kama fedha za samaki. Huja kwa mara moja, kwa njia ya chama cha msingi, na mume aliyekaa miezi mingi mkono mtupu hupata fedha tele siku moja.

Wasomaji wapenzi, habari hizi nawaandikia mama hao, na waume zao, na walimu wenzangu ambao huitwa usiku kwenda kuamua ugomvi katika nyumba za watu. Sitaki kueleza ubaya wa pombe. Umekwisha kuelezwa sana, na hilo nitalisema mbele. Nataka kueleza jinsi ya kusema na mtu tunayetamani abadilike, awe ni mlevi, au mcheza kamari, au mvuvi apigaye baruti baharini. Na kwa kuwa si haki kumhukumu mwingine kabla ya kujihukumu mwenyewe, nitaanza na kosa langu.

Nalikuwa mwalimu wa shule katika kijiji kimoja si mbali na Mchinga, na dada yangu alikuwa ameolewa papo hapo na mvuvi. Shemeji yangu ni mtu hodari. Ana ngalawa yake, ajua miamba yote ya pwani ile, na hana tabia ya kusema uongo. Lakini alikuwa akinywa, na kila mwaka alizidi. Basi nikaona ni wajibu wangu kumwonya, mimi niliyesoma, tena ndugu wa mkewe.

Mara ya kwanza nalikwenda na karatasi. Nalikuwa nimepiga hesabu ya fedha zote alizozinywa msimu uliopita, nikamwonyesha ya kuwa zingalitosha kununua wavu mpya na kumlipia mtoto wake shule. Akaitazama karatasi, akasema, “Ni kweli, mwalimu,” na usiku ule akarudi nyumbani amelewa. Mara ya pili nalikwenda na wazee watatu. Tukasema naye tangu alasiri hata magharibi, kila mmoja kwa zamu yake, naye akaitikia “Ndiyo, mzee” kwa kila neno, akaahidi yote tuliyomtaka aahidi. Ahadi ile haikumaliza juma. Mara ya tatu, nami nasema jambo hili kwa haya, nalimkuta ufukoni na wavuvi wenzake, nikamsuta mbele yao. Nikamwuliza kama haoni aibu mkewe kukopa unga. Hakunijibu. Akachukua kasia lake akaenda zake, na tangu siku ile, kila alipoona kivuli changu kwenye njia, aliingia kichakani kunipisha. Miezi miwili baadaye dada yangu akaniambia, “Kaka, nakuomba, usije tena kumsema. Kila ukija, hunywa siku tatu.”

Nikasema moyoni mwangu, mtu huyu hasikii. Lakini alikuwa akisikia sana.

Nimefikiri mara nyingi kwa nini sisi watu wa huku tukimwona mtu amepotea twakimbilia kumfunda. Nadhani ni kwa sababu tumelelewa hivyo. Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao wote huwaingiza watoto wao katika jando na unyago, na huko kungwi na nyakanga huwafunda kwa nyimbo na mafumbo mambo ya utu uzima. Ni mafunzo yenye nguvu, hata Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926, hakutaka yapigwe marufuku. Aliona ni heri kanisa lichukue jando na kuliongoza, akaacha yasiyofaa na kushika yafaayo. Wako waliomlaumu kwa ajili hiyo, lakini aliwajua watu wake.

Basi kufunda ni kwema kwa asiyejua. Mwari hajui, kwa hiyo hutiwa maneno kama mtungi utiwavyo maji. Lakini shemeji yangu alikuwa hajui nini? Hesabu ya fedha zake aliijua kuliko mimi. Njaa ya nyumba yake aliilalia. Ukimwuliza mlevi yeyote wa Lindi ubaya wa nipa atakutajia yote, tena kwa mpango mzuri kuliko mwalimu, maana amehubiriwa tangu utoto wake. Hata sheria aijua. Sheria ya kukataza kupika moshi imekuwapo tangu 1966, na kupiga baruti baharini kulikatazwa na sheria ya uvuvi ya 1970, wala hakuna mvuvi wa Kilwa asemaye kwamba hakuambiwa. Mwaka 2017 serikali ilipiga marufuku pombe kali za viroba, zile pakiti ndogo za plastiki, na wengi wetu tulishukuru, kwa kuwa hata watoto wa shule walikuwa wakizinunua. Sheria yaweza kufunga duka. Lakini mtu aliyesimama nje ya duka lililofungwa, akiwa bado na kiu yake, sheria haina la kumwambia. Kumtia maneno mtu wa namna hii ni kumimina maji katika mtungi uliojaa. Yatamwagika, na miguu itakayoloa ni yako wewe umiminaye.

Yuko Mmarekani mmoja, jina lake William R. Miller, mtaalamu wa elimu ya nafsi, ambaye kazi yake ilikuwa kuwasaidia walevi. Mwaka 1982 alikwenda Norwei, katika hospitali ya Hjellestad karibu na mji wa Bergen, akawa akizungumza na vijana waliokuwa wakijifunza kazi hiyo. Wale vijana hawakutosheka na hotuba. Walimwambia, “Sisi tutajifanya walevi, nawe useme nasi kama usemavyo na wagonjwa wako.” Akafanya hivyo, nao wakawa wakimsimamisha kila mara na kumwuliza: kwa nini umeuliza hili usiulize lile? Ulikuwa ukifikiri nini? Kwa kujibu maswali yao, Miller alitambua ya kuwa alikuwa na njia yake ambayo hata yeye mwenyewe hakuwa ameijua vema. Hakuwa akibishana na wagonjwa. Alikuwa akisikiliza hata mgonjwa aseme mwenyewe kwa nini afadhali aache. Mwaka 1983 aliandika habari hizo, na mwaka 1991 yeye na mwenzake Stephen Rollnick, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi Wales, wakatoa kitabu kizima. Njia ile imeenea sasa katika hospitali nyingi za dunia, wala si kwa walevi tu.

Jambo lililonichoma zaidi katika kazi zao ni jaribio lililoandikwa mwaka 1993. Miller na wenzake walichunguza mazungumzo ya washauri na watu wenye shida ya pombe, kisha wakangoja mwaka mzima. Wakaona ya kuwa kadiri mshauri alivyozidi kumbana mtu na kumsuta, ndivyo mtu yule alivyozidi kunywa mwaka uliofuata. Niliposoma hayo nalikumbuka maneno ya dada yangu, “Kila ukija, hunywa siku tatu.” Yeye hakuwa amesoma kitabu chochote, na alikuwa amekwisha kuyaona.

Sababu yake si ngumu kufahamu. Mtu mwenye tabia mbaya hana moyo mmoja, ana nyoyo mbili. Mmoja wamwambia, acha, unapotea. Mwingine wamwambia, bado, kesho. Nyoyo hizi hushindana ndani yake usiku na mchana. Sasa nikija mimi mwalimu na kuusemea moyo wa kwanza kwa sauti kubwa, yeye hana la kufanya ila kuusemea wa pili. Mimi nasema, “Unapoteza fedha,” naye asema, “Fedha ni zangu, nimezitafuta mwenyewe.” Mimi nasema, “Utakufa,” naye asema, “Babu yangu alikunywa tembo akafa mzee.” Ni kama watu wawili wapatanao bei sokoni: huyu akipanda, yule hushuka. Na katika kujitetea, mtu hujisikia mwenyewe akisema, na huyaamini aliyoyasema, kwa kuwa kila mtu husadiki maneno ya kinywa chake kuliko ya jirani. Hivyo miaka mitatu nalikuwa nikimfundisha shemeji yangu kuitetea pombe.

Nalijifunza njia nyingine kwa mama mmoja mshauri katika hospitali, siku nalipokuwa nikimwuguza mtoto wangu. Wengi wetu tulilisikia neno hili la ushauri nasaha kwanza katika habari za UKIMWI na kupima damu, na mama huyu alianza kazi yake huko. Nalimweleza habari za shemeji yangu, nikitumaini atanipa maneno makali zaidi ya kumwambia. Hakunipa neno hata moja. Aliniuliza, “Mwalimu, yeye mwenyewe asemaje?” Nikafungua kinywa nijibu, nikaona sina jibu. Miaka mitatu sikuwa nimemwuliza.

Basi jioni moja maji yalipokuwa yamekupwa nalimfuata ufukoni, peke yake, alipokuwa akishona wavu. Aliponiona alitaka kuondoka. Nikamwambia, “Shemeji, sikuja kukusema. Nimekuja kukuomba radhi kwa siku ile niliyokusuta mbele ya wenzako.” Akaendelea kushona kitambo, kisha akasema, “Yamekwisha, shemeji. Kaa.”

Nikakaa. Nikamwambia, “Nina neno juu ya habari ya uraka, lakini si la kukuonya. Ukinipa ruhusa tutazungumza. Usiponipa, tutazungumza habari za nyavu.” Akacheka kidogo, akasema, “Zungumza.”

Nikamwuliza, “Wapata nini katika kunywa?”

Akasimamisha sindano yake. Nadhani alingoja nicheke au nimkejeli. Alipoona nangoja kweli, alianza kunieleza. Alisema ya kuwa bahari ya usiku ina baridi, na kwamba wenziwe wote hunywa, akikataa huambiwa anajiona. Kisha, kwa sauti ndogo, akanena habari za mdogo wake aliyezama miaka mitano kabla ya hapo, walipokuwa pamoja katika ngalawa ile ile. “Nikinywa,” akasema, “simsikii akiniita.”

Habari ya kuzama naliijua, maana nalikuwa kwenye mazishi. Lakini kwamba ndiyo aliyokuwa akiinywea, hiyo sikuijua, wala dada yangu hakuijua. Nikamwambia tu, “Kumbe ukinywa, unanyamazisha ile sauti.” Akasema, “Naam. Mpaka asubuhi.” Yule mama wa hospitali alikuwa amenifundisha hivyo: mtu akisema, mrudishie maneno yake kwa ufupi, asikie mwenyewe aliyoyasema, wala usiharakishe kutia yako.

Kisha nikamwuliza, “Na yasiyokupendeza katika kunywa ni yapi?” Nalitazamia atasema fedha, au afya, au aibu, yale yangu yote. Hakutaja hata moja. Alisema, “Binti yangu alikuwa na desturi ya kunisomea daftari lake jioni. Mimi sikusoma sana, lakini napenda kumsikia. Sasa akitoka shuleni huzunguka nyuma ya nyumba, aingie kwa mlango wa jikoni, asinikute barazani.”

Wasomaji, ulimi uliniwasha! Mwalimu aliyekuwa ndani yangu aliinuka na mahubiri kamili juu ya baba na mtoto. Naliuma meno. Nikasema, “Wataka akusomee tena.” Akasema, “Nataka.” Neno hilo moja lilitoka kwake, na karatasi yangu ya hesabu haikuweza kulitoa.

Ziko njia ndogo za kusaidia mazungumzo ya namna hii, na moja ni ya kupima haja kwa tarakimu. Nami nalitumia vidole. Nikamwambia, “Shemeji, katika vidole kumi, haja yako ya kuacha ni vidole vingapi?” Akainua vinne. Mtu yeyote angalitaka kuuliza, mbona vinne tu, mbona si kumi? Lakini ukiuliza hivyo atakupa sababu za kutoacha, na kurudi katika kujitetea. Yule mama alinionya sana juu ya hilo. Nikauliza, “Kwa nini vinne, visiwe kimoja?” Akafikiri, akasema, “Kwa sababu ya binti. Na kwa sababu mikono yangu imeanza kutetemeka asubuhi, nami ni mtu wa kamba na ndoana.” Nikamwuliza juu ya uwezo wake wa kuacha, akainua vidole viwili. Nikasema, “Kitu gani kingevifanya viwe vitatu?”

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, “Fedha za korosho zipokewe na dada yako. Mimi nikizishika, zitapita pale penye mtambo kabla ya kufika nyumbani.” Hebu fikirini, kama mimi shemeji yake ningalimwambia ampe mkewe fedha zote, angalisemaje! Angalisema nataka kummeza yeye na mali yake kwa ajili ya dada yangu. Lakini shauri lilikuwa lake, naye akalitimiza. Kwetu tukichoka na mtu twamwambia, “Shauri yako!” maana yake tumemtupa. Siku ile nalifahamu ya kuwa neno hilo ni kweli kabisa, ila twalisema kwa moyo mbaya.

Hapa sina budi kuingiza onyo moja. Kule kutetemeka kwa mikono asubuhi ni dalili ya kwamba mwili umezoea pombe. Mtu wa hivyo akiacha ghafula aweza kupata kifafa, au kuweweseka na kuona yasiyokuwapo, hata wengine hufa. Basi asiache peke yake nyumbani. Aende kwanza hospitali, kama ile ya Kinyonga huko Kilwa Kivinje, au ya Sokoine mjini Lindi, au Nyangao, au Ndanda, apate kuangaliwa na kupewa dawa siku zile za kwanza. Nalimwomba shemeji yangu ruhusa ya kumwambia jambo nililolisikia juu ya kutetemeka, nikamweleza, nikamwuliza aonaje. Akasema, “Basi nitakwenda.” Tulikwenda wote wawili.

Alikaa majuma saba bila kunywa. Kisha ikaja harusi ya mpwa wake, akanywa siku mbili mfululizo, na dada yangu akaja kwangu analia kwamba kazi yote imepotea. Nami kwa kweli nalihuzunika, tena nalikasirika, kana kwamba nimeibiwa. Lakini wako Wamarekani wengine wawili, Prochaska na DiClemente, ambao mwaka 1983 waliandika habari za watu waliokuwa wakijitahidi kuacha sigara, nao waliona ya kuwa mtu hapiti katika kuacha kama apitavyo mlangoni, mara moja basi. Hufikiri, hujiandaa, hutenda, huanguka, akarudi kufikiri tena, na wengi huzunguka hivyo mara kadha kabla ya kusimama. Nikamwendea. Hakuingia kichakani safari hii. Alikaa tu, ameinamisha kichwa. Nikamwuliza, “Shemeji, yale majuma saba uliyapataje?” Akainua kichwa. Akanieleza jinsi alivyobadili saa za kwenda baharini, akafuata kikosi cha alfajiri, ambao hawanywi. Na jinsi alivyomtafuta mzee mmoja aliyemfahamu marehemu mdogo wake, akawa akizungumza naye habari zake. Alikuwa amefanya mengi ambayo mimi sikuyajua. Tukaanzia pale.

Msidhani njia hii ni ya huko ng’ambo tu, au ni ya mwalimu mmoja wa Mchinga. Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, wataalamu wa hapa na wa Marekani wametengeneza mazungumzo mafupi ya Kiswahili kwa majeruhi wafikao pale wakiwa na shida ya pombe. Mauguzi huomba ruhusa, humwonyesha mgonjwa jinsi kunywa kwake na jeraha lake vinavyohusiana, husikiliza sababu zake za kubadilika, kisha hupatana naye hatua atakayoiweza. Wameyaita Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Najua wako wasomaji watakaochukizwa na neno hilo punguza, wakisema mbona hawasemi acha. Mimi mwenyewe nalichukizwa. Lakini namkumbuka mtu aliyeinua vidole vinne. Kama ningalimwambia vinatakiwa kumi au aondoke, angaliondoka.

Na jambo hili nalisema kwa mama walio nyumbani: kusikiliza si kuvumilia kila kitu. Mume akipiga, hapo hapana habari ya vidole. Nenda kwa wazee, nenda kwa jamaa zako, nenda polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na ujiponye wewe na watoto kwanza. Mazungumzo yatakuja baadaye, na tena si lazima yawe yako. Mke aliyechoka hawezi kuwa mshauri wa mumewe, wala asilaumiwe. Yafaa awe mtu mwingine, shemeji au mwalimu au mzee, ambaye hajalala na njaa kwa ajili ya pombe ile.

Walimu wenzangu nao nawaomba wajaribu kitu kimoja. Siku mkiitwa tena usiku katika nyumba ya mtu, hesabuni ni nani aliyesema zaidi. Mimi nalihesabu, nikaona katika yale mazungumzo ya wazee watatu, shemeji yangu alisema maneno mawili tu, “ndiyo” na “mzee”.

Mwezi wa Oktoba uliopita mabibo yalianguka tena kama kawaida yake. Nalipita kwa dada yangu jioni, nikamkuta shemeji barazani anashona wavu, na binti, ambaye sasa ni msichana mkubwa, amekaa kwenye mkeka karibu naye, anasoma kwa sauti habari za mkondo wa Monsuni, akikosea jina moja na kulirudia. Sikutaka kumkatiza. Alipomaliza ukurasa nikamwuliza shemeji kwa mzaha, “Vidole vingapi mwaka huu?” Akainua mkono mmoja kunionyesha, akautazama, akacheka. Ikambidi aweke chini sindano na uzi, maana mkono mmoja haukutosha.